Sherehe na Fumbo: Juu ya Kufasiri Madokezo katika Uhakiki wa Muziki wa Roki

Uhakiki wa muziki wa roki ni tawi changa katika fasihi ya Kiingereza. Ulichipuka Marekani katika magazeti ya vijana: Crawdaddy, lililoanzishwa mwaka 1966 na Paul Williams alipokuwa angali mwanafunzi, Rolling Stone, lililoanza kutoka San Francisco mwezi wa Novemba 1967, na Creem, lililoanza Detroit mwaka 1969. Waliokuwa wakiandika humo waliandika kwa haraka, na walioandikiwa walikuwa watu wa rika lao, waliozisikia santuri zile zile katika juma lile lile. Yalikuwa maandishi ya kusomwa leo na kufungiwa maandazi kesho. Walakini yamekusanywa vitabuni, yanafundishwa katika vyuo vikuu, na wanaoyasoma sasa ni watu ambao wakati yalipoandikwa hawakuwa wamezaliwa. Hapo ndipo taabu inapoanza. Sentensi moja ya mhakiki wa siku zile huweza kubeba majina matano, ya waimbaji, ya vitabu, ya mitaa na ya vichekesho vya redio, wala hata moja halikufafanuliwa.

Hata majina ya magazeti yenyewe hayasomeki bila msaada. Crawdaddy lilitwaa jina la klabu iliyokuwako Richmond, karibu na London, ambako kundi la Rolling Stones lilipiga muziki wake wa mwanzo. Na jina Rolling Stone lina baba wanne: Jann Wenner, mhariri wake, katika toleo la kwanza alitaja methali ya kale ya Kiingereza juu ya jiwe libingirikalo, wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950, kundi hilo la Waingereza, na wimbo wa Bob Dylan wa mwaka 1965. Atakayetaja mmoja na kuwaacha watatu hajasema uwongo, ila amelipunguza jina.

Kwa ajili hiyo pamezuka kazi ya kutia sherehe. Wahariri huifanya chini ya kurasa, walimu huifanya ubaoni, na siku hizi msomaji huifanya mwenyewe kwa kuliuliza jina katika mtandao na kupata jawabu kabla hajamaliza sentensi. Desturi iliyoenea ni moja: jina hutafutiwa mwenyewe, mwaka wake na santuri yake, kisha mambo hufungwa hapo. Yafaa desturi hiyo ichunguzwe, maana yaonekana kwamba mara nyingi hiyo ni nusu tu ya kazi, na mara nyingine si kazi kabisa.

Kwanza lugha. Dokezo si kitendawili, kwa sababu kitendawili kina jawabu linalokubaliwa na wote, na mshindwa hutoa mji. Wala dokezo si fumbo kamili, kwa sababu mwenye kufumba hukusudia baadhi ya waliopo wasielewe. Mwenye kudokeza hutaja jambo kwa mbali akidhani kwamba msikilizaji wake analijua. Akiwa halijui, kosa si la mdokezaji wala si la msikilizaji, ni la wakati na mahali. Dokezo hugeuka kuwa fumbo kwa kusafiri tu. Mfano wa karibu ni ule wimbo mashuhuri wa kundi la Queen, Bohemian Rhapsody, uliotoka mwaka 1975. Mtungaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika ukoo wa Kiparsi. Mwimo wake wa katikati una neno Bismillahi na pia jina Scaramouche. Msomaji wa Unguja hahitaji sherehe ya neno la kwanza, bali aelezwe kwamba Scaramouche ni mhusika wa michezo ya kuchekesha ya Kitaliano ya zamani. Wasomaji wengi wa Uingereza walihitaji kinyume chake. Ama wale wasemao kwamba neno Bismillahi ni alama ya utoto wa Unguja, wanasema jambo liwezekanalo ila halijathibitishwa, kwani Mercury mwenyewe hakupenda kuufafanua wimbo huo. Sherehe nyingi hulitoa wazo hilo kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Ziko sababu nyingine za ugumu ambazo hazihitaji maneno mengi. Robert Christgau, aliyeanza mwaka 1969 kuandika katika Village Voice ya New York tahakiki fupi fupi zenye alama kama za mitihani ya shule, alibana madokezo kwa sababu ya ufinyu wa nafasi: aya moja kwa santuri moja. Richard Meltzer, mwanafunzi wa falsafa, katika kitabu chake The Aesthetics of Rock cha mwaka 1970 alirundika majina ya wanafalsafa na tanbihi kwa tanbihi, na nusu yake ni dhihaka kwa wanachuoni. Huyo wa pili ni hatari kidogo, kwani mwenye kutia sherehe naye ni mwanachuoni, na aghalabu hajui kwamba ndiye anayechekwa.

Hatari hiyo inaonekana wazi zaidi kwa Lester Bangs. Bangs alizaliwa mwaka 1948, akafa New York mwaka 1982, na mkusanyo wa maandishi yake ulihaririwa na Greil Marcus ukatolewa mwaka 1987. Mkusanyo huo umepewa jina la makala moja iliyotoka katika Creem mwaka 1971: Psychotic Reactions and Carburetor Dung. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni rahisi. Psychotic Reaction ni wimbo wa kundi la Count Five, vijana wa San Jose, California, uliovuma sana mwaka 1966, wakatoa na santuri ndefu yenye jina hilo hilo. Sehemu ya pili nayo inaonekana kuwa ya aina hiyo hiyo, kwa kuwa katika makala Bangs anaieleza Carburetor Dung kuwa ni santuri ya baadaye ya kundi hilo, na baada yake anazitaja nyingine, moja ikiitwa Cartesian Jetstream na moja Snowflakes Falling on the International Dateline. Anazipima, anazilinganisha, anasikitika kwamba wengi hawakuzithamini.

Hazipo. Count Five walitoa santuri ndefu moja tu. Zilizobaki Bangs amezitunga kichwani mwake.

Sasa itazamwe kazi ya mwenye kutia sherehe kwa desturi iliyotajwa. Akutanapo na jina Cartesian Jetstream, ataandika kwa uaminifu kwamba neno la kwanza latokana na René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1596 akafa mwaka 1650. Kila neno ni kweli, na sherehe yote ni upuuzi. Descartes hana kazi katika sentensi ile isipokuwa kuonyesha jinsi vijana wa mtaani, waliovuma kwa wimbo mmoja wenye kelele, wangalivyojivisha majoho ya hekima kama walivyofanya wenzao wengi miaka ile ya mwisho wa 1960. Jina limewekwa ili lichekwe kwa uzito wake. Msomaji aliyeelezwa habari za Descartes amepewa elimu na kunyang'anywa kicheko, na kicheko ndicho hoja ya Bangs: kwamba roki ilianza kufa siku ilipotaka kuheshimiwa.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba makala yenyewe inatoa ilani mlangoni. Inaanza kwa sauti ya mzee anayewaita wajukuu wake wakae apate kuwasimulia mambo ya kale. Mtu aliyelelewa na hadithi za Kiswahili hawezi kukosea hapo. Akisikia sauti ya namna hiyo hujua kwamba amekwisha ambiwa Paukwa, na kwamba yeye mwenyewe amejibu Pakawa. Baada ya hapo haulizi sungura alizikwa wapi. Waliokosea ni wale walioruka mwanzo wakaenda moja kwa moja kwenye majina.

Kisa cha pili chahusu jina la mwandishi mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 1969 Rolling Stone lilichapisha uhakiki wa santuri ya kundi liitwalo Masked Marauders, yaani wavamizi wenye vinyago. Ilidaiwa kwamba nyuma ya vinyago walikuwamo Bob Dylan, Mick Jagger, John Lennon na Paul McCartney, na kwamba walirekodi kwa siri karibu na Ghuba ya Hudson, Kanada. Watu wakaitafuta santuri hiyo madukani. Haikuwako. Uhakiki ulikuwa mzaha wa Greil Marcus, kisha yeye na rafiki yake Langdon Winner wakatafuta kundi la Berkeley likaimba nyimbo zilizoelezwa, na kampuni ya Warner ikaitoa santuri kabla ya mwaka kwisha. Kitu kilichodokezwa kikazaliwa baada ya dokezo lake.

Uhakiki huo ulitiwa sahihi ya T. M. Christian. Aliyekuwa amesoma riwaya ya Terry Southern ya mwaka 1959, The Magic Christian, alikuwa na ufunguo mkononi, kwa sababu riwaya hiyo yahusu tajiri atumiaye mali yake kuwafanyia watu hadaa za ajabu ili aone watakubali kudhalilika hadi wapi. Hapa dokezo lilikuwa kipimo cha msomaji: mjuzi angecheka, mwenye pupa angekwenda dukani. Lakini ufunguo wa jina nao hautoshi. Yafaa ijulikane kwamba mwaka uliotangulia makampuni yalianza kuwakusanya wapigaji mashuhuri wa makundi mbalimbali na kuwauza kama kundi moja kubwa, na kwamba mwaka huo huo wa 1969 santuri ya magendo ya Dylan, Great White Wonder, ilikuwa ikiuzwa kwa siri. Waliodhihakiwa si wasomaji peke yao. Ni soko lililowafundisha kuamini kwamba majina manne makubwa yakiwekwa pamoja huzaa muziki mkubwa mara nne.

Katika visa hivi viwili hasara ni ndogo: mtu amekosa kucheka. Viko vingine ambavyo hasara yake huwaangukia watu waliokuwa hai, na wengi wao ni watu weusi waliokufa maskini.

Greil Marcus alitoa kitabu chake Mystery Train mwaka 1975, na ni vigumu kupata kitabu kingine cha uhakiki wa roki kilichojaa madokezo kama hicho. Sura moja ni ya Robert Johnson, mwimbaji wa bluzi wa Mississippi, aliyerekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa mwezi wa Agosti 1938. Tangu hapo jina la Johnson limekuwa kama sarafu mikononi mwa wahakiki. Husemwa kwamba mwimbaji fulani amefika njia panda, na basi. Msomaji atambue kwamba ameingia katika kina cha kutisha. Mwenye kutia sherehe hufika na kuandika: Johnson, kwa mujibu wa hadithi, alimwuzia Shetani roho yake njia panda usiku ili apewe ufundi wa gitaa.

Hadithi hiyo ina historia yake. Kisa cha namna hiyo kilisimuliwa kwa urefu juu ya mwimbaji mwingine, Tommy Johnson, na msimulizi alikuwa ndugu yake LeDell. Juu ya Robert kilichokuwako ni maneno machache yaliyochapishwa na Pete Welding mwaka 1966. Wimbo wa Robert Johnson wa njia panda haumtaji Shetani. Wasimulia mtu aliyesimama barabarani akijaribu kusimamisha gari, huku akimwomba Mungu rehema. Elijah Wald, katika kitabu chake Escaping the Delta cha mwaka 2004, ameonyesha kwamba Johnson alikuwa fundi aliyejifunza kwa bidii, tena mengi aliyachota katika santuri za wenziwe kama Leroy Carr na Kokomo Arnold. Kwa hiyo sherehe ya roho iliyouzwa inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaigeuza lugha ya wahakiki kuwa habari ya maisha ya mtu, na inamnyima fundi ufundi wake. Uzuri wa kazi yake hauhesabiwi kuwa ni wa masomo na jasho, wahesabiwa kuwa ni wa Ibilisi.

Mfasiri wa Kiswahili ana mtego wa ziada hapa. Njia panda kwa Waswahili si mahali patupu. Ndipo kafara hutupwa, ndipo mganga humtuma mgonjwa. Msomaji wa pwani atakapokuta maneno roho, Shetani na njia panda katika mstari mmoja, ataitikia kwa kichwa kabla ya kufikiri, kwa sababu jambo lenyewe lafanana na ayajuayo. Dokezo la namna hii limefichika kwa kuwa linaeleweka upesi mno. Sherehe yake haina budi kumzuia msomaji kidogo, wala si kumharakisha.

Mambo ya Staggerlee ni kinyume cha hayo. Sura ya Marcus juu ya Sly Stone inamtumia Staggerlee, mwuaji wa katika nyimbo, kuwa kielelezo cha mtu mweusi asiyetii sheria yoyote, ashangiliwaye na kuogopwa, na kwa kielelezo hicho inasoma santuri ya Sly Stone ya mwaka 1971, There's a Riot Goin' On. Wengi wameimba habari za mwuaji huyo. Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928, na Lloyd Price akazivumisha tena miaka 30 baadaye. Kisa cha asili sasa chajulikana vizuri, hasa kwa kitabu cha Cecil Brown cha mwaka 2003. Mtu mmoja aitwaye Lee Shelton alimpiga risasi Billy Lyons katika baa ya Bill Curtis, St. Louis, usiku wa Krismasi ya mwaka 1895, katika ugomvi ulioishia kwenye kofia. Shelton alifungwa, akafa gerezani mwaka 1912.

Sherehe isemayo "Staggerlee ni Lee Shelton" ni ya kweli na haifungui kitu. Ichukuliwe sentensi yoyote ya Marcus juu ya Sly Stone, liondolewe jina Staggerlee, liwekwe Lee Shelton, na maana itavunjika, kwani Sly Stone hakumwua mtu baa. Lililomo katika sentensi ni karibu miaka 80 ya kuimbwa, ambamo kofia na risasi ziligeuka kuwa namna ya mtu kusimama mbele ya ulimwengu. Lakini pia si haki kumtupa Shelton kwa kuwa hahitajiki. Lyons alikuwa mtu, alikufa. Uhakiki unaolitumia jina la mwuaji kama pambo la ushujaa una deni kwa aliyeuawa, na pahali pa kulipa deni hilo ni katika sherehe, kama mhakiki mwenyewe hakulilipa. Marcus alilitambua jambo hilo kwa namna yake. Sehemu ya maelezo mwishoni mwa Mystery Train imeongezwa toleo baada ya toleo mpaka ikakaribia urefu wa kitabu chenyewe, na humo majina hayafungwi kwa mwaka na santuri. Kila jina hufuatwa lilikokwenda, nani aliliimba tena, nani alilikosea, nani alilikana. Pana warejea wengi wanaosifu sura za kitabu na kuyaruka maelezo hayo. Huenda maelezo ndiyo yatakayoishi zaidi.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa ushairi wa Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalijaa madokezo ya vita na ubishi wa wakati wake, baina ya Mombasa na utawala wa Sayyid Said, na walioyasikia kwanza walijua nani anasemwa. Nusu karne baadaye yangalikuwa maneno matupu kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, na W. E. Taylor, aliyeyaandika kutokana naye. Thamani ya kazi ya Mwalimu Sikujua haikuwa katika kusema neno fulani maana yake ni fulani. Alijua shairi lilitungwa siku gani, juu ya tukio gani, na kumjibu nani. William Hichens alipotoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz alipoyachambua upya mwaka 1979, msingi waliousimamia ulikuwa huo. Bila tukio la shairi, kamusi haitoshi, hata iwe nene namna gani. Wahakiki wa roki walikuwa malenga wa majibizano kwa namna yao: Bangs aliwajibu wahakiki waliotaka roki iwe sanaa ya waungwana, na Marcus na Winner waliyajibu makampuni. Atakayewatia sherehe hana budi kuwa na tabia ya Mwalimu Sikujua, aulize kwanza ni nani anayejibiwa.

Limebaki swali la tafsiri, nalo litazamwe katika neno moja tu. Carburetor Dung yaweza kuitwa Samadi ya Kabureta au Mavi ya Kabureta. Samadi ni neno la heshima, lakini samadi ina faida, mkulima huitafuta. Bangs alitaka jina ambalo hakuna kampuni ingekubali kulibandika juu ya santuri, lenye uchafu wa zizi na uchafu wa gereji kwa pamoja. Kwa hiyo ni Mavi ya Kabureta, ingawa mhariri atakunja uso. Na chini ya ukurasa sherehe yaweza kusomeka hivi: "Mavi ya Kabureta: santuri hii haikurekodiwa na Count Five wala na mtu mwingine. Bangs anaihakiki kana kwamba ameisikia mara nyingi, katika mwaka ambao magazeti yalikuwa yamejaa sifa za santuri zilizorekodiwa kwa fedha nyingi na kusikilizwa kwa taabu. Msomaji asiitafute."